Kwa Miguu Hadi Kasalu

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini alirudi kutoka matembezini, akaweka begi lake juu ya meza yangu, na kabla hajafungua mdomo nikasikia harufu ya kivumbasi. Majani mawili matatu yalikuwa yamenasa kwenye zipu, yamepondeka, bado mabichi. Wengi tunakijua kivumbasi kwa kufukuza mbu. Bibi zetu walikifunga mlangoni au kukitupia kwenye moto wa jioni. Mimi nikikinusa nyayo zinaniwasha. Nasikia panga likigonga jiwe, nasikia jasho likiteremka shingoni, nasikia sauti ya mwanamke mmoja ikisema, "Twende, bado kidogo," huku mwenyewe akijua kabisa kwamba si kidogo.

Mwenzangu alinionyesha picha kwenye simu. Yeye na rafiki zake walivuka daraja la Busisi asubuhi kwa gari, wakafika mwaloni, pale pwani mitumbwi inapoegeshwa, wakapanda boti hadi kisiwani na kutembea kutwa nzima. Kwenye picha walikuwa wamejipanga juu ya jiwe kubwa, kofia kichwani, chupa za maji mkononi, nyuma yao ziwa limetanda hadi linapokutana na mbingu.

"Dada, kumbe tuna njia nzuri hivi hapa hapa kwetu," alisema. "Unapanda, unashuka, kila ukigeuka unaona kitu kipya. Sijui nani aliwaza kuitengeneza."

"Namjua," nilimwambia.

Aliitwa na bosi kabla sijaendelea, akaondoka na begi lake. Hadithi ikabaki na mimi. Na kwa kuwa aliyeiwaza njia ile tulimzika mwaka jana, nimeona niisimulie kwenu, wenzangu mliobanana kwenye madawati na kwenda shule na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni.

Nilikuwa darasa la tatu pale Mabatini mama yangu alipofariki. Baba, Mhaya mpole aliyefanya kazi ya ukarani, hakujua kusuka nywele wala kupika uji usio na madonge, na zaidi ya hayo hakujua la kuniambia. Jioni tulikaa mezani tukitazamana, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuanza kuzungumza. Likizo ilipofika akanipeleka kwa dada yake mama, kisiwani, "mpaka mambo yatulie." Wakati huo daraja halikuwapo. Tulipita Usagara kwa basi, tukakaa Kigongo juani tukisubiri kivuko, tukavuka tumesimama kati ya malori na ng'ombe, na upande wa pili tukasafiri tena hadi mahali ambapo barabara iliishia kwenye mchanga na mtumbwi wa injini ulikuwa unangoja. Baba alinishika mkono njia nzima. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama ndani ya maji, kanga kaikunja magotini. Nilimtambua kabla mtumbwi haujatia nanga, kwa sababu alikuwa na paji la uso la mama yangu, na aliinamisha kichwa kidogo alipomtazama mtu, vilevile kama mama. Nilitamani kumkimbilia na nilitamani kumkimbia.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekua." Akanibeba hadi nchi kavu japo nilikuwa mkubwa mno kubebwa, kisha akamgeukia baba. "Shemeji, pole na safari. Mwache bila wasiwasi. Huyu ni wa kwetu."

Alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake migumu kwa jembe. Mumewe alifanya kazi migodini huko Geita na alirudi mara mojamoja. Nyumbani alikaa na binti yake wa pekee, Editha, aliyekuwa darasa la saba, msichana mkimya aliyesoma hata karatasi za gazeti zilizofungiwa vitumbua. Kijijini wote walimwita Mama Mkubwa kwa jina la mtoto wake, Mama Editha.

Kisiwa kile kina vijiji viwili. Chetu, Nambubi, kilikuwa upande wa mawio. Kasalu kilikuwa upande wa machweo, na huko ndiko kulikokuwa na shule na zahanati. Katikati ulikaa mlima wa mawe makubwa, yamebebana kama yale ya Mwanza mjini, na chini yake vichaka vilivyofungamana hata mbuzi hawakupita. Kwa hiyo watoto wa Nambubi walikwenda shule kwa mtumbwi. Kila alfajiri tulipanda tukizunguka rasi ya kusini, mahali ambapo maji yalikuwa hayatulii hata siku zisizo na upepo. Mtumbwi ulinyanyuka, ukaanguka, tukalowa, wadogo wakatapika michembe yao. Nilianza kwenda nao shule ilipofunguliwa, na tangu siku ya kwanza nilifumba macho kuanzia mwaloni hadi Kasalu.

Kilichomsumbua Mama Mkubwa si kulowa kwetu. Alisimama mwaloni kila asubuhi mpaka mtumbwi ulipopotea nyuma ya rasi, na alisimama tena kila mchana mpaka ulipotokeza. Siku moja tulichelewa kurudi kwa sababu injini ilizimika. Tulipofika tulimkuta pale pale, kanga imelowa hadi kiunoni, na hakutusemesha mpaka tulipomaliza kula.

"Kwa nini hatuendi kwa miguu?" nilimuuliza. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini; kwangu mahali popote palikuwa na njia.

"Zamani tulikuwa tunakwenda," alisema. "Mimi na mama yako tulisoma Kasalu kwa miguu. Zilipokuja injini watu wakaacha. Njia ya mlimani ilikufa."

Neno lile nililishika. Kwa muda wote ule watu wazima walikuwa wameniambia mama amepumzika, amelala, ametutangulia. Mama Mkubwa peke yake alitamka kufa kama jambo linaloweza kutamkwa mezani, kati ya ugali na sato. Nikamuuliza njia ilizikwa wapi. Editha akacheka, lakini mama yake hakucheka. Alinitazama akiinamisha kichwa, kisha akatazama mlima kupitia mlangoni.

"Pale pale ilipokuwa," alisema. Kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Tutaifufua."

Mnaweza kukisia akili ya mtoto ilivyoyapokea maneno hayo. Nilikuwa nimefundishwa dini, nilijua habari za kufufuka, lakini sikuwahi kukutana na mtu aliyesema atafanya hivyo mwenyewe, na hasa mtu mwenye sura ya mama yangu. Usingizi haukunijia kwa furaha. Niliamini nimefika nyumbani kwa mwanamke anayeijua kazi hiyo, na kwamba ataanza na njia kwa sababu njia ni rahisi, kisha ataendelea na mengine.

Jumamosi iliyofuata alichukua panga na jembe, mimi nikachukua fimbo, tukaenda nyuma ya kanisa dogo la bati hadi ukingo wa vichaka. Alitembea akiinama, akipapasa ardhi kwa mkono kama anayetafuta sindano. Akaniita. Chini ya majani kulikuwa na mawe bapa yaliyopangwa mfululizo, yamelainishwa na nyayo za watu.

"Unaona? Haijaenda popote."

Akapiga panga la kwanza. Kivumbasi ndicho kilichokuwa kimejaa pale, na tulipokikata na kukikanyaga harufu ikapanda mpaka machozi yakanitoka. Kutoka juu kwenye mawe kikaja kilio, kirefu, cha kukwaruza, kikiongezeka mpaka kikakatika ghafla. Nilimkumbatia Mama Mkubwa miguu. Nilijua ni njia inalia, inaumia kuamshwa. Aliponiambia ni pimbi nilimwitikia tu. Hata nilipowaona wenyewe, wanene kama sungura wasio na masikio, wameota jua juu ya jiwe, bado niliona wanajua jambo ambalo hawasemi.

Kijiji kilimcheka kwanza. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Magesa, mtu wa makamo mwenye sauti ya kuhutubia hata alipoomba chumvi, alikuja hadi nyumbani.

"Mama Editha, nasikia unafyeka mlima."

"Nafyeka njia, mwenyekiti."

"Njia haipo. Kuna chatu mle, kuna nyuki. Halafu upande wa pili kuna Mgongo wa Kiboko. Lile jiwe halipitiki siku hizi, udongo wa pembeni ulishaporomoka. Utaua watoto wa watu."

"Nilipita pale nikiwa na umri wa huyu," alisema akinionyesha mimi.

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Basi tuache tukalione. Kama halipitiki tutarudi."

Binti yake Magesa, Tabu, alikuwa darasa moja na Editha. Mwenyekiti alimkataza kuja mlimani. Lakini Jumamosi ya tatu au ya nne, jirani mmoja aliyekwenda kuokota kuni alitukuta tunang'oa kisiki, akatua kuni zake, akasaidia, na jioni akarudi nyumbani na kusema ameona ziwa kutoka juu kama hajawahi kuliona. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wengine wawili. Baadaye wakaja na majembe yao, na vyungu vya uji, na watoto mgongoni. Wanaume walisema wataona mwisho wake. Editha alifyeka akikariri masomo kwa sauti, na wanawake wasiojua kusoma wakawa wanamwitikia majina ya mito na milima ya nchi hii kama wanaitikia litania.

Tulifika kileleni mchana mmoja wa jua kali. Sikuwa nimejua kwamba tumekaribia. Nilikuwa nimeinama nikikusanya matawi, nikainua kichwa na mbele yangu hakukuwa na kichaka tena. Kulikuwa na jiwe pana, jeupe kwa jua, mijusi yenye vichwa vyekundu ikikimbia pembeni, na baada ya jiwe kulikuwa na maji, bluu pande zote, yamejaa visiwa vingine nisivyovijua. Kwazi alikuwa anazunguka chini yetu. Nilimwona mgongoni, nilimtazama ndege kutoka juu kama nilivyozoea kutazamwa naye. Upande mmoja zilikuwapo paa za Nambubi na dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa kama vipande vya bati. Upande wa pili, mbali, bendera ya shule ya Kasalu.

Wanawake walikaa wakinywa uji. Niliona huo ndio wakati. Nusu ya kazi ilikuwa imeisha na Mama Mkubwa alikuwa anatabasamu.

"Mama Mkubwa," nilisema, "tukimaliza kufufua njia, tutakwenda kumfufua na mama?"

Editha aliyekuwa anacheka na mwenzake akageuka. Mama Mkubwa aliweka panga chini taratibu, akanivuta nikakaa kati ya magoti yake, tumetazama maji.

"Nani alikuambia tutamfufua?"

"Wewe. Ulisema njia imekufa, ukasema tutaifufua. Na sasa imefufuka."

Nilisikia moyo wake ukigonga mgongoni kwangu.

"Ni kosa la maneno, mwanangu," alisema. "Tunasema kufa kwa mtu, tunasema kufa kwa njia, hata redio ikiharibika tunasema imekufa. Lakini si kufa kumoja. Njia hufa watu wakiiacha. Mama yako hakuna aliyemwacha. Baba yako hakumwacha, mimi sikumwacha, wewe hukumwacha. Alikufa tumemshika. Huyo hatuwezi kumrudisha. Ingewezekana ningeshachimba kwa kucha hizi."

"Sasa huku tunafanya nini?"

"Huku tunafanya kile tunachoweza."

Nililia pale juu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nililia kwa sauti, bila kuona haya, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Wanawake wale, kila mmoja na wake aliyemzika, walikaa nami hadi nilipomaliza. Editha alinipangusa uso kwa upindo wa sketi yake. Nilipoweza kupumua vizuri niliinuka, nikaiacha fimbo yangu na kumwomba Mama Mkubwa jembe. Alinipa. Lilikuwa zito, na mpini wake ulikuwa na joto la mikono yake.

Kuanzia siku ile nilifanya kazi kama mtu anayejua anafanya nini. Tuliteremka upande wa pili, tukapita chini ya mikuyu mikubwa penye kijito na matete, tukatandika mawe pale palipokuwa na tope. Tulikuwa tumefika Mgongo wa Kiboko mitihani ya darasa la saba ilipokaribia. Magesa hakuwa amekosea kuhusu jiwe lile. Lilikuwa limelala kwa mshazari kutoka kichakani hadi juu ya maji, laini, refu kuliko nyumba, na sehemu ambayo njia ya zamani ilipita pembeni yake ilikuwa imeng'oka na kuondoka na udongo. Mama Mkubwa alilichunguza, akasema tutalishughulikia mitihani ikiisha. Kwa siku hizo mbili watoto wataendelea na mtumbwi.

Siku ya kwanza ya mtihani ziwa lilikuwa limelala. Editha alirudi mchana akiwa na wino kidoleni, akala, akarudi kwenye daftari zake. Usiku upepo ukaja. Nilipoamka bado kulikuwa na giza na nilisikia ziwa linanguruma kama lori linalopanda mlima. Tulikimbia mwaloni. Mawimbi yalikuwa yanapasukia mahali tulipozoea kuanika dagaa, na mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Watoto wa darasa la saba walikuwa wamesimama na sare zao, wanahesabika kwa vidole vya mikono, na wazazi wao nyuma yao. Mwenye mtumbwi alitikisa kichwa.

"Mama Editha, mimi humo siingii na watoto wa watu. Nisameheni."

"Hujakosea," alisema Mama Mkubwa.

Tabu, binti wa mwenyekiti, alianza kulia. Mtihani wa hesabu ulikuwa asubuhi ile, na sote tulijua kwamba mlango ukifungwa umefungwa. Hakuna mtihani wa kesho kwa sababu ya mawimbi. Miaka saba ya kutapika michembe mtumbwini ingeishia pale kwenye mchanga. Mama Mkubwa aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaanza kutoa amri kwa sauti ile ile aliyotumia kugawa chakula.

"Vueni sare. Vaeni nguo za shamba. Sare zote ndani ya mifuko ya rambo, zifungwe vizuri, kalamu na rula mfuko wake peke yake. Atakayefika amelowa si tatizo, ila sare iwe kavu."

Akaniona nimesimama. "Wewe baki."

"Na mimi niliifyeka," nilisema.

Akainamisha kichwa. "Beba mfuko wa kalamu."

Tulianza kupanda. Mvua ilitupiga usoni, kivumbasi kilikuwa kimelala njiani kwa upepo, lakini mawe bapa yalikuwa pale chini ya nyayo zetu, moja baada ya jingine, na hatukupotea. Nilikumbatia mfuko wa kalamu ndani ya gauni kama mtoto mchanga. Juu kwenye jiwe upepo ulitaka kututupa, tukapita tumeinama, tumeshikana mikono. Ziwa lilikuwa jeupe kwa povu kila upande. Niliangalia kule kwenye rasi ambako mtumbwi wetu ungekuwa unapita, na kwa mara ya kwanza sikufumba macho.

Tulipofika Mgongo wa Kiboko jiwe lilikuwa linatiririka maji. Mama Mkubwa alisimama. Nilimfahamu vya kutosha kuona kwamba hakuwa na la kufanya. Alivua kanga yake ya juu, akaanza kuipima na kanga ya mama mmoja aliyekuja nasi, aone kama zikiunganishwa zitafika. Hazikufika.

Ndipo tuliposikia mtu anahema nyuma yetu. Alikuwa Bwana Magesa, kalowa chapachapa, na begani amebeba kamba ya nanga ya mtumbwi wake.

"Fungeni kwenye ule mkuyu," alisema. Hakuhutubia.

Yeye na Mama Mkubwa wakafunga. Yeye akateremka wa kwanza, ameketi, kisigino mbele, kamba kiunoni, mpaka akafika upande wa pili na kuikaza kwenye jiwe. Kisha akasimama katikati pale mteremko ulipokuwa mkali zaidi, amejibana kwenye ufa, na kuwapokea watoto mmoja mmoja akiwavusha kwa mkono wake. Tabu alipofika alitaka kumkumbatia baba yake. "Baadaye," alimwambia. "Kwanza hesabu." Editha alivuka akisogeza midomo, nadhani alikuwa anakariri kanuni za maeneo. Nilipofika mimi Magesa alinitazama kifuani palipotuna.

"Una nini humo?"

"Kalamu."

"Shikilia," alisema, akanivusha kwa mkono mmoja kama mfuko wa pamba.

Baada ya jiwe ilikuwa mteremko mtupu. Tulikimbia. Mvua ilikuwa inapungua tulipotokeza nyuma ya vyoo vya shule, na watoto wakabadilisha nguo pale pale, wasichana upande huu, wavulana upande ule, wakipokezana taulo moja. Sare zilitoka mifukoni kavu, zimekunjamana, bado zina joto la pasi ya mkaa. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama uwanjani na mwavuli, ametupa mgongo, anatazama ziwa. Wenzao wa Kasalu walikuwa tayari wamepanga mstari mlangoni. Aliposikia nyayo aligeuka, akatuona tunatoka upande ambao hakuna mtu aliyetoka kwa miaka mingi.

"Mmetoka wapi nyie?"

"Mlimani, mwalimu," alisema Editha. "Shikamoo."

Mwalimu alikunja mwavuli wake ingawa manyunyu bado yalikuwapo, akatembea nasi hadi mlangoni, akamwambia msimamizi, "Wanafunzi wangu wa Nambubi wamefika. Wote." Niligawa kalamu. Nakumbuka ubaridi wa vidole vya kila mmoja.

Adhuhuri jua lilikuwa limetoka. Ziwa lilikuwa limechoka, limerudi kuwa bluu, na mtumbwi ukaja kutuchukua. Mwenye mtumbwi alituita kutoka mwaloni. Watoto walitoka kwenye chumba cha mtihani wamejinyoosha, wanabishana kuhusu swali la mwisho. Editha alitazama mtumbwi, akamtazama mama yake.

"Tumekuja kwa miguu," alisema. "Turudi kwa miguu."

Hakuna aliyepinga. Tena wenzao wa Kasalu wakasema watatusindikiza, na mwalimu mkuu akasema atafika hadi kwenye kijito, kisha akafika kwenye kijito na kuendelea. Tulipanda msafara mzima, tukavuka Mgongo wa Kiboko kwa kamba iliyokuwa bado imefungwa, tukiimba nyimbo za mchakamchaka, mawe yakifuka mvuke kwa jua. Tukakuta kileleni kumejaa watu. Nambubi yote ilikuwa imepanda kutulaki; hata wanaume waliosema wataona mwisho wake walikuwapo, na vikongwe walioshikiliwa mikono, waliopita pale wakiwa wasichana. Walipotuona tunatokeza, wanawake walipiga vigelegele hadi pimbi wakajificha. Mama Mkubwa alinyanyuliwa juu. Alikuwa anawapigapiga mabegani wamshushe, anacheka, na machozi yanamtoka, na Bwana Magesa alikuwa mmoja wa waliombeba.

Nilibaki kisiwani mpaka matokeo yalipotoka na Editha alipoondoka kwenda shule. Baba alikuja kunichukua, akanikuta nimekomaa viganja, nikamsimulia usiku kucha bila yeye kulazimika kunijibu, na asubuhi akaomba nimpeleke juu akaone. Wengi wa watoto wetu walikuwa wamefaulu. Tabu alifaulu. Editha alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni ng'ambo ya ziwa, msichana wa kwanza wa Nambubi. Leo ni daktari, na wagonjwa wake hawajui kwamba alikariri majina ya mito huku anang'oa visiki.

Siku alipoondoka boti ya kumchukua ilikuwa tayari Nambubi, hatua chache kutoka mlangoni kwao. Hakuipanda. Alisema atapandia Kasalu. Basi sanduku lake la bati likapita mlimani kichwani mwa watu, likipokezwa kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine, likigongagonga vijiko ndani yake, na sisi watoto nyuma tukisukumana tupate nafasi ya kuligusa. Kasalu walikuwa wametoka hadi mwaloni kumuaga. Editha alimkumbatia mama yake, akapanda, akakaa juu ya sanduku lake, akatupungia mkono hadi boti ilipozunguka rasi.

Nilimtazama Mama Mkubwa nikitarajia atasimama pale mpaka jioni, kama kawaida yake. Hakusimama. Alikung'uta mchanga kwenye kanga, akatugeukia sisi wadogo tuliobaki, akatupima kwa macho kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

"Haya," alisema. "Nani anafuata?"